Uso wa Hajati Wahiba

Ngazi iliyoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya Kinawi haikuwa ya Kinawi. Aliitambua tangu mbali, akirudi sokoni na fungu la mboga ya mlukhia kwapani. Ilikuwa ngazi ya chuma, ya kukunja, na katika kijiji kizima cha Naga Sidr hapakuwa na nyingine kama hiyo. Juu yake alisimama Shazli, brashi pana mkononi, anapaka chokaa kama mtu aliye kwao.

"Wee! Umekosea nyumba."

"Asalaam aleikum, ami Kinawi," Shazli alijibu bila kushuka. "Sijakosea."

"Hii nyumba ya nani?"

"Ya Hajati Wahiba. Na mwenyewe ndiye aliyenituma."

Wahiba alikuwa dada yake Kinawi, na ilikuwa siku ya tano tangu aondoke kwenda kuhiji. Naga Sidr wana desturi yao: mtu akienda Makka, nyumba yake hupakwa chokaa na kuchorwa kabla hajarudi. Huchorwa Kaaba, na ndege, na ngamia, na haji mwenyewe ameinua mikono anaomba, ili akishuka garini aikute safari yake imemtangulia nyumbani. Kwa miaka thelathini mchoraji wa safari hizo alikuwa Kinawi. Kumwuliza mtu nani atakuchorea ilikuwa sawa na kuuliza nani ataadhini.

"Shuka," alisema Kinawi, "kabla sijaivuta hiyo ngazi."

"Ivute, ami. Nivunjike, halafu ukamweleze Hajati."

Jirani yao, Umm Badri, alikuwa tayari amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. Mama huyo hakuna ugomvi uliowahi kumpita. "Kinawi, mwogope Mungu! Mwache kijana wa watu afanye kazi yake. Wahiba aliniachia maneno mwenyewe siku anaondoka. Ukuta ni wa Shazli, na chakula cha mchoraji kaniachia mimi nikipike."

"Alisema mbele ya nani?"

"Mbele ya Mungu na mbele ya kuku wangu. Unataka mashahidi wangapi?"

Watu wanne watano walikuwa wameshajikusanya, na mmoja akacheka kwa sauti. Kinawi alihisi masikio yake yanawaka. Aliingia ndani, akabonyeza simu kwa vidole vyenye matope ya mlukhia, na baada ya kuita sana Wahiba akapokea, huko Madina, kelele za watu nyuma yake.

"Wahiba, kuna mtu juu ya ukuta wangu."

"Ukuta wangu, mwana wa mama," alisema Wahiba polepole. Na kweli, nyumba ilikuwa yake, ameachiwa na marehemu mumewe. Kinawi alihamia hapo miaka kumi na tisa iliyopita kwa wiki mbili tu.

"Nimekufa mimi? Nimekatika mikono?"

"Hujafa. Mwache afanye kazi. Tutazungumza nikirudi. Leo nimekuombea mbele ya Mtume."

"Sikukutuma uniombee! Nakuuliza kitu, Wahiba, nakuuliza na watu wako mlangoni—"

Lakini Wahiba alikuwa amekata.

*

Hasidi hana sababu, husema watu. Kinawi sababu alikuwa nazo, na alizivuta moja moja kila siku kama shanga za tasbihi.

Shanga ya kwanza ilikuwa dada yake. Miaka kumi na moja mfululizo Kinawi aliingiza jina lake kwenye bahati nasibu ya serikali ya kupata nafasi ya hija, na miaka kumi na moja halikutoka. Wahiba aliingiza lake mara moja, kwa kushawishiwa na Umm Badri, likatoka. Kinawi alimpongeza, akachinja jogoo, akala na wageni. Lakini moyoni alihesabu. Mtu amechora Kaaba kwenye kuta mia mbili na zaidi, hajaiona hata siku moja, na mwanamke aliyekuwa akioka mkate uani ndiye anayekwenda kuishika kwa mkono!

Shanga ya pili, na hii ndiyo iliyokuwa nzito, ilikuwa Shazli. Kinawi alimchukua akiwa hana baba, akamfundisha kuchuja chokaa, kuchanganya rangi ya nili, kuchora ngamia aanze na shingo. Alikaa naye miaka saba. Mahujaji wa Kinawi wote walikuwa na uso mmoja: duara, nyushi mbili, nukta mbili, basi. Nani alihitaji zaidi? Nyumba ilijulikana ni ya nani. Ndipo siku moja Shazli, akiwa sasa anajitegemea, akamwomba mteja picha ya mama yake kwenye simu. Akamchora yule bibi na meno yake mawili yaliyobaki. Bibi aliporudi aliushika ukuta akalia, "Ni mimi, jamani, ni mimi!" Tangu siku ile, ukuta baada ya ukuta, watu walimhama Kinawi. Waliendelea kumwamkia vizuri sana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mwaka uliopita, kwenye kuta tatu za Shazli, macho ya mahujaji yalikutwa yamekwanguliwa kwa chuma. Wapo waliosema ni jini, wapo waliosema ni kijicho cha watu. Haikuwa jini. Alikuwa Kinawi, saa saba mchana, saa ambayo jua la Saidi, kusini mwa Misri, humlaza hata mbwa, na kisu cha kukwangulia chokaa kimo ndani ya mkono wa kanzu yake. Alijiambia kwamba hafanyi ubaya, anasahihisha tu, kwani kumfananisha kiumbe na alivyo ni kazi ya Mungu. Baada ya kila ukuta alilala usingizi mzuri kwa wiki nzima. Hakuna aliyemwona, au ndivyo alivyoamini.

Sasa alikaa sebuleni, mgongo umeegemea ukuta, na upande wa pili wa matofali yale Shazli anachora. Kinawi alisikia kila kitu. Brashi pana ilikuwa na sauti ya mtu anayefagia. Brashi nyembamba ilikuwa kama panya anayetafuna gunia. Alijua sasa ni mbingu, sasa ni bawa la ndege, sasa ni nguo nyeusi ya Kaaba, maana rangi nyeusi hupakwa mara mbili. Siku ya tatu sauti ikawa ndogo kabisa, inasimama, inaanza, inasimama. Akajua anachora uso. Alibana pumzi ili aisikie vizuri, kama mtu anayesikiliza mkewe akicheka na mwanamume mwingine chumba cha pili.

Adhuhuri Umm Badri alibisha na sinia: mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani, bamia, njiwa mzima wa kuokwa. "Mpelekee mchoraji."

"Mpelekee wewe."

"Mimi mwanamke, nitoke na sinia barabarani nimhudumie mwanamume na wewe umekaa? Nyumba inayochorwa humlisha mchoraji wake, na sinia hutoka mkononi mwa mwanamume wa nyumba. Wewe mwenyewe umelishwa hivyo miaka thelathini. Shika!"

Kinawi alishika sinia. Alitoka nalo juani, mbele ya wazee waliokaa kwenye benchi la udongo, akaliweka chini ya ngazi kama mke mpya. Mmoja wa wazee akajifanya anakohoa.

"Mungu akuzidishie, ami," Shazli alisema. Alishuka, akanawa, akamega njiwa nusu. "Karibu tule."

"Nimeshiba."

"Ami, nisaidie kitu. Lile kovu la Hajati, pale juu ya nyushi. Ni kulia au kushoto? Kwenye simu picha zingine hugeuka."

Kinawi alimtazama. Kovu gani? Alikuwa hajui kwamba dada yake ana kovu. "Kulia," alisema, upesi kidogo.

Shazli alitafuna taratibu. "Umm Badri kasema kushoto. Alipigwa na mlango wa tanuri, mwaka ule alipofiwa na mumewe."

"Kama unajua, waniuliza nini?"

"Nilidhani ndugu atajua zaidi," alisema Shazli, na hakukuwa na dhihaka katika sauti yake. Laiti ingekuwapo dhihaka, Kinawi angejua la kufanya.

*

Picha ilikamilika siku moja kabla ya Arafa. Watu walitoka hata vijiji vya jirani kuja kuitazama. Ndege ilikuwepo, na Kaaba, na ngamia mwenye shanga shingoni. Lakini hakuna aliyetazama hivyo. Katikati ya ukuta, katika nguo nyeupe, viganja vimeinuliwa, alikuwepo Wahiba. Mdomo ulikuwa umeenda upande kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno akalirudisha. Jicho moja dogo kuliko jingine. Kovu juu ya nyushi ya kushoto. Mtu akisimama mbele yake alitamani kumwamkia.

"Utadhani atakohoa," alisema mzee mmoja, kisha akamgeukia Kinawi. "Eh, Kinawi! Mwanafunzi kakupita."

"Mwalimu hufurahi," alisema Kinawi, akacheka. Alicheka mpaka taya zikamuuma, akaingia ndani.

Siku ya Arafa Naga Sidr nzima ilikuwa imefunga saumu. Kufika saa sita na nusu mchana hapakuwa na kiumbe barabarani. Kinawi pia alikuwa amefunga. Alichukua ngazi yake ya mbao, akaiegemeza bila kishindo, akapanda na kisu chake. Alijiambia ataondoa kovu tu. Kovu ni aibu, mwanamke amekwenda kwa Mola wake, kwa nini aonyeshwe kovu? Chokaa ilitoka ungaunga. Kovu lilipotoka, nyushi ikawa imekatika, haipendezi, akaiondoa. Jicho lisilo na nyushi likamtazama. Akaliondoa. Jicho la pili, lile dogo, lilimtazama vibaya zaidi. Alikwangua kwa nguvu sasa, jasho linamwingia kinywani, na alisikia mtu anahema kwa sauti, kisha akatambua ni yeye. Aliposimamisha mkono, juu ya nguo nyeupe na chini ya ushungi palikuwa na tundu la udongo mtupu, ukubwa wa sahani.

Alishuka. Alitafuta magunia mawili, akayashona pamoja, akaufunika ukuta. Alasiri watu walipoamka na kuuliza, aliwaambia, "Nimeifunika isipatwe na kijicho, mpaka mwenyewe arudi." Wakasema kweli, watu wabaya, umefanya vyema. Usiku ule Kinawi alifuturu kwa tende tatu akalala vizuri.

*

Idi ilipita bila simu ya Wahiba. Siku ya pili Kinawi alipiga, simu imezimwa. Siku ya tatu televisheni ya mkahawani ilisema joto huko limekuwa kali, mahujaji wengi wameanguka. Siku hiyo hiyo Umm Badri aliingia bila kubisha, kitambaa kimeshuka mabegani.

"Sakina kanipigia, yule wa kundi lao. Wahiba hayupo, Kinawi. Wamemtafuta mahemani, wamemtafuta hospitali mbili. Hayupo!"

"Hayupo tangu lini?"

"Tangu Arafa. Alisema anakwenda kutafuta kivuli, hakuonekana tena."

"Saa ngapi?"

"Nitajuaje saa? Mchana! Sakina kasema walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza adhuhuri. Wewe mwanamume vipi, ndugu amepotea unauliza saa?"

Kinawi alikaa chini palepale sakafuni. Adhuhuri, saa sita na nusu. Aliitazama mikono yake. Alijua hadithi zote za kijicho, alikua nazo: ng'ombe aliyekauka maziwa, bwana harusi aliyeangushwa na farasi. Siku zote alizicheka. Lakini wale wenye kijicho walitazama tu, yeye alitumia chuma. Alimfuta dada yake ukutani saa ile ile alipofutika duniani. Hofu ilimwingia, na ndani yake mkawa na wazo moja, akaling'ang'ania: kama uso ukirudi ukutani kabla ya habari mbaya, Wahiba atarudi.

Alimkuta Shazli ukingoni mwa kijiji, anapakia makopo ya rangi kwenye bajaji. Alikuwa amepata kazi ng'ambo ya mto.

"Shazli, mwanangu. Njoo uuchore upya."

"Nichore upya nini?"

Kinawi alionyesha kwa kidole upande wa nyumbani. Shazli aliacha makopo, akatangulia yeye mpaka nyumbani. Aliinua pembe ya gunia. Aliangalia, akaishusha.

"Nilidhani kwa huyu hutathubutu," alisema.

"Ulijua?"

"Ami, mimi nimelala kwenye kivuli cha hiyo kanzu yako miaka saba. Nakijua kisu chako kinavyokwangua, kina pengo ncha ya kulia. Ukuta wa kwanza tu nilijua. Wa tatu nikakuona kwa macho yangu. Nilikuwa nakwenda kukushitaki barazani, mbele ya wazee. Hajati akasikia, akaja kwetu. Alikaa kwa mama yangu kutoka asubuhi mpaka alasiri, hakunywa hata chai. Akasema, 'Shazli, hana mke, hana mtoto, ana jina tu. Ukimvua na hilo atatembeaje? Mwachie kaka yangu jina lake, nami nikijaliwa kuhiji nitakupa ukuta wangu. Watu wakikuona unachora nyumba yake mwenyewe Kinawi, watasema amekubariki, na kazi zote zitakuwa zako.' Hiyo ndiyo fidia niliyolipwa. Akaniapisha nisikwambie."

Kinawi alilishika gunia. "Mbona yeye hakuniambia?"

"Uaibike mbele yake kila ukila mkate? Alikuficha hata na aibu yako mwenyewe, ami."

"Basi uchore. Kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Hajapatikana, Shazli. Akichorwa—"

"Picha yake ninayo kwenye simu," Shazli alisema. "Lakini sitauchora. Mimi nimemwona kwa mbali tu, mlangoni, nikamchora nilivyoweza. Wewe umekula naye miaka kumi na tisa. Mchore wewe."

Akarudi kwenye bajaji yake, akavuka mto.

*

Kinawi alipanda ngazi asubuhi yake, akaingiza kichwa chini ya gunia kama mpiga picha wa zamani. Alipaka chokaa, akaacha ikauke, akachora. Likatoka duara, nyushi mbili, nukta mbili. Ulikuwa ule ule uso wa mia mbili. Akaufuta. Akachora tena, ukaja ule ule, kana kwamba ulikuwa umemsubiri.

Akashuka, akakaa uani mbele ya tanuri, akafumba macho amwone dada yake. Aliona mikono yake ikibonyeza unga. Aliona miguu yake, maana ndiyo iliyosimama mbele yake kila sinia lilipowekwa. Alijua kikohozi chake cha alfajiri na sauti ya kandambili zake. Lakini alipojaribu kupandisha macho juu ya shingo, hapakuwa na kitu. Alitafuta picha nyumba nzima. Kitambulisho alikwenda nacho, na picha ya harusi ilikuwa imeliwa na mchwa.

Akaenda kwa Umm Badri. "Macho ya Wahiba yakoje?"

"Nini?"

"Makubwa? Madogo? Mdomo wake ulikaa vipi?"

Umm Badri aliacha kupepeta. Alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa, na machozi yakamtoka. "Kinawi, masikini. Wewe ndugu yake waniuliza mimi?"

Hakwenda kumwuliza mtu tena. Siku nne alipanda na kushuka, alichora na kufuta, mpaka chokaa pale ikawa nene kama kigaga. Wapita njia walisema, muoneni, huzuni ya ndugu, anamlinda dada yake ukutani. Walimletea supu, wakamshika bega, na kila mkono uliomshika bega ulimchoma.

Siku ya tano simu ya Umm Badri ililia na kelele zikasikika nyumba ya kumi. Wahiba amepatikana! Alianguka kwa jua pale Arafa, akachukuliwa na watu wasiomjua. Bangili yenye jina lake ikapotea, akakaa hospitali siku sita hajitambui na siku mbili hawezi kusema. Sasa anasema. Atarudi na kundi lake Alhamisi.

Kinawi alisujudu palepale barabarani, paji la uso vumbini, akalia kwa furaha ya kweli. Kijicho chake hakikuua mtu. Uso haukurudi ukutani, na mwenye uso anarudi. Aliposimama na kujipangusa, macho yake yakaangukia gunia, na furaha ikasita mlangoni. Sasa hapakuwa na jini, wala Arafa, wala jua la kulaumu. Palikuwa na tundu tu, na mtu aliyelichimba.

*

Alhamisi alasiri ngoma zilianzia darajani. Kinawi alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, alipoliona basi dogo linaingia na bendera nyeupe dirishani. Alishuka mbio. Vigelegele vilipasua hewa. Wahiba alishushwa na wanawake wawili. Amekonda, mweupe toka juu mpaka chini, anatembea kama anayeionea huruma ardhi. Umm Badri alimrukia, akambusu mabega, akapiga kelele, "Ondoeni gunia! Hajati aone kwake!"

"Ngojeni," alisema Kinawi, lakini nani alimsikia? Vijana wawili walivuta, gunia likaanguka.

Ngoma zilizimika moja moja. Ndege, ngamia, Kaaba, mikono miwili iliyoinuliwa, na katikati ya ushungi doa la chokaa mbichi.

"Uso uko wapi?" mtu aliuliza.

"Yale yale ya mwaka jana!" alipaza sauti mzee wa benchini. "Nani kafanya hivi?"

Macho yalikwenda kwa Shazli, aliyekuwa amevuka mto kuja kumpokea Hajati. Yakaenda kwa Kinawi, kwa brashi mkononi mwake, kwa chokaa iliyomjaa kanzuni. Shazli alifungua kinywa. Kinawi naye alifungua chake, maneno yakiwa tayari kabisa ulimini, *ni mimi*, mawili tu, na hayakutoka.

Wahiba aliutazama ukuta. Alimtazama kaka yake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ya mtu aliyetoka kuumwa, lakini kila mtu akaisikia:

"Ni mimi niliyetaka hivyo."

"Wewe, Hajati?"

"Niliwaagiza. Uso wangu usiwepo mpaka nirudi. Nani amepewa hati kwamba atarudi? Na mmeona wenyewe yaliyonipata. Kaka yangu ametimiza alivyoagizwa. Si ndivyo, Shazli?"

Shazli aliinamisha kichwa. "Ndivyo, Hajati."

"Mashaallah!" alisema mwalimu wa chuoni. "Sikilizeni hekima hiyo, enyi watu!" Na ngoma zikaanza tena kwa nguvu zaidi, na Umm Badri, aliyemwona Kinawi akiulizia macho ya dada yake siku chache tu nyuma, alipiga kigelegele kirefu, lakini hakumtazama.

Ndani, Wahiba alikaa kwenye mkeka. Kinawi alileta beseni, akapiga magoti, akaanza kumwosha miguu. Hakuthubutu kuinua kichwa.

"Dada, nilikuwa karibu kusema."

"Najua."

"Ningesema."

"Kinawi," alisema Wahiba, "wanasema mtu hurudi kutoka hija kama siku mama yake alipomzaa. Hana hata doa. Nilipofumbua macho hospitali hilo ndilo neno la kwanza kunijia, nikaona nimepewa kitu, nisikivunje. Sikusengenya. Mtu alinikanyaga uwanja wa ndege, sikusema hata ah! Kwenye basi wenzangu walizozana, mimi nikaziba masikio. Nilikibeba kama anayebeba yai, njia yote." Akaitazama mikono ya kaka yake majini. "Nimekifikisha mpaka mlangoni kwako, kikavunjikia hapo, kwa uongo mmoja."

Maji yalidondoka toka mikononi mwa Kinawi. Hatimaye aliinua macho amtazame. Aliona mdomo ulioenda upande kidogo, aliona jicho moja dogo kuliko jingine, aliona kovu, kushoto. Vyote vilikuwepo.

"Nitauchora," alisema haraka, huku analia. "Kaa hivyo hivyo dada, usigeuke, sasa nakuona. Nitauchora leo leo."

"Usiuchore." Wahiba alivuta ushungi, akaushusha mpaka kidevuni, akajilaza akiwa amewapa mgongo yeye na beseni lake. "Uache kama ulivyo. Na ufunge mlango, watu wanakuita."

Nje walikuwa kweli wanamwita, kwa jina lake lote, Fundi Kinawi, atoke wampongeze. Alijifuta mikono kwenye kanzu, akatoka, akaupokea mkono wa mtu wa kwanza, na wa pili, na wa tatu.